Farasi kwenye mgodi wa makaa ya mawe, kweli walikuwa wanalala humohumo chini?

Punda_Kisesa: Wakuu heshima kwenu. Mimi huku Kisesa nafanya kazi ya kubeba maji na mchanga kwa punda, sasa kuna dogo katoka machimboni Geita ananiambia Uingereza zamani walikuwa wanashusha farasi mgodini na wanaishi hukohuko. Nimejiuliza sana, duara zetu (mashimo ya wachimbaji) hata mtu anashuka kwa kamba, farasi anapitaje? Na ati walikuwa wanapofuka? Anayejua anieleze jamani, hawa wanyama nawapenda.

Bugando_Juu: Ni kweli kabisa mkuu. Ile ni migodi mikubwa yenye lifti, farasi anashushwa nayo, chini kuna zizi, majani makavu na maji vinapelekwa, kuna mtu kazi yake kuwahudumia tu. Waliongezeka baada ya sheria ya 1842 kukataza wanawake na watoto wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini, maana kabla ya hapo watoto ndio walikuwa wanavuta makaa. Kufika 1913 walikuwa kama 70,000! Wengi vifarasi vifupi kama wale wa Shetland, njia zenyewe zilikuwa za kuinama, wanavuta vitoroli kwenye reli. Kwenye migodi ya lifti wengi jua walikuwa wanaliona wakati wa likizo ya mgodi tu, inaniuma kwa kweli. Ila migodi ya kuingilia kwa mteremko walikuwa wanatoka kila siku.

MamaMifugo_Magu: Kaka, giza peke yake halimpofushi mnyama. Hatari ilikuwa kugonga kichwa na macho kwenye miamba na nguzo, ndio maana walivalishwa kofia ya ngozi yenye kukinga macho. Sheria ya 1911 ikakataza farasi kipofu kufanya kazi chini, na aliye chini ya miaka minne asishushwe.

Punda_Kisesa: Asante sana dada. Waliachishwa lini?

Bugando_Juu: Mashine ziliwatoa polepole, mgodi wa Ellington huko Northumberland walikuwepo mpaka 1994, juzi tu hapo.

MamaMifugo_Magu: Na wewe kaka huyo punda wako mwangalie mabegani anapokaa mkanda, ukiona manyoya yametoka au pamevimba mpumzishe kwanza, halafu weka kitambaa laini kinene chini ya mkanda, usifunge kamba ya nailoni moja kwa moja kwenye ngozi, inakata vibaya sana.

Punda_Kisesa: Nimeelewa dada, kesho asubuhi hatoki, namkagua kwanza.