Daktari wetu wa mtaa ametangulia: dawa za wazee, mafaili, na namna ya kumkumbuka

JiraniNgamiani

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Daktari aliyekuwa na zahanati ndogo hapa Ngamiani, Tanga, amezikwa juzi baada ya Alasiri, na mtaa mzima umejaa msiba. Wengi wa wagonjwa wake ni wazee wa presha na sukari. Walikuwa wakimjia kila mwezi, anawapima, anawapa dawa, na asiye na kitu anaandikwa kwenye daftari la deni. Sasa kufuli liko mlangoni. Kila kinachowahusu kimo kwenye yale mafaili ya kahawia, na kingine amekwenda nacho kaburini.

Naombeni wenye ujuzi: hawa wazee wasikatike dawa, tufanyeje? Mafaili yanapatikana kwa njia gani iliyo halali? Na vijana wanataka kuandika taazia na kumfanyia kumbukumbu ya kudumu. Tuanzie wapi?

MfamasiaKona

Poleni sana wana Ngamiani. Naanza na dawa, kwa sababu dawa haisubiri arobaini.

Piteni nyumba kwa nyumba. Msimuulize mzee "unatumia dawa gani", maana atawaambia "kile cheupe cha asubuhi". Mwambieni alete mfuko wake wote mmwage mezani. Kisha andikeni kutoka kwenye pakiti yenyewe: jina la dawa, miligramu, anameza vingapi na saa ngapi, vimebaki vingapi. Jina la dawa ni yale maandishi madogo, si lile kubwa la kibiashara. Hapo ndipo watu hupotea. Mzee ana pakiti mbili za viwanda viwili na ndani zote ni amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5. Daktari mpya haoni, anamwandikia ya tatu, miguu inavimba na presha inashuka kupita kiasi.

Vidonge vilivyo kwenye bahasha iliyoandikwa "1x2" tu, bila jina, msivikisie kwa rangi. Maandishi hayo yanasema kidonge kimoja mara mbili kwa siku, hayasemi kidonge cha nini. Pelekeni bahasha na mzee mwenyewe kwa daktari.

Wa kushughulikiwa leo leo ni hawa: wa insulini, wa dawa za kifafa, wa atenololi au propranololi, wa prednisoloni waliomeza zaidi ya wiki tatu, na wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye kifafa akikatiza ghafla anaweza kuanguka mfululizo. Atenololi ikikatizwa ghafla moyo unakwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kubanwa kifua. Prednisoloni ya muda mrefu huufanya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, haiachwi siku moja. Warfarini inataka kipimo cha damu cha mara kwa mara, asiendelee kumeza kwa mazoea tu. Wa amlodipini, losartani na metformini siku moja mbili si balaa, lakini zisifike wiki.

Na jamani, msikopeshane vidonge. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu hufanywa kwa wema. Glibenklamidi, dawa ya sukari, ya jirani kwa mzee ambaye figo zimechoka inaweza kumshusha sukari kwa saa nyingi. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama sukari bado iko chini ya 4 (mmol/L), kisha ale chakula. Akizinduka, mpelekeni hospitali hata hivyo, maana kwa dawa hii sukari hushuka tena. Asiyeweza kumeza msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni.

MuuguziMstaafu

Mwenyezi Mungu amrehemu. Kuhusu mafaili: siri ya mgonjwa haifi na daktari. Kufuli lisivunjwe, na mafaili yasihamishiwe ofisi ya mtaa wala nyumbani kwa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Mjane, kama yumo kwenye eda, ana miezi minne na siku kumi. Msimpigie hodi kwa mambo haya. Ongeeni na yule ambaye ukoo umemteua kusimamia mirathi na atakayethibitishwa mahakamani. Wakati huohuo familia imjulishe Mganga Mkuu wa Jiji kwamba mwenye zahanati amefariki, aseme mafaili yatunzwe wapi na nani ayafungue.

Wakikubaliana, tangazeni siku mbili za kuchukua, msikitini na kanisani. Mezani akae mtu wa afya na mtu wa familia, wawe na rejista yenye tarehe, jina, namba ya faili na sahihi. Mgonjwa aje na kitambulisho. Asiyeweza kutembea atume mtu na barua yenye dole gumba lake. Aondoke na nakala au muhtasari, faili lenyewe libaki. Msimpe mtu faili la mkewe au la mama mkwe kwa sababu tu mnamfahamu. Kosa hilo huvunja nyumba.

Muhtasari unatosha nusu ukurasa: ugonjwa na mwaka ulipoanza, dawa za sasa, presha tatu za mwisho, kreatinini (kipimo cha figo) ya mwisho kama ipo, operesheni. Ila vitu viwili vina thamani kuliko vyote hivyo, na ndivyo husahaulika. Cha kwanza ni mzio, hasa wa penisilini na salfa. Cha pili ni dawa zilizojaribiwa zikaachwa, na sababu yake. Daktari wa zamani huandika pembeni neno moja tu, "kikohozi", na maana yake ni kwamba mgonjwa alipewa enalaprili, dawa ya presha, akakohoa usiku kucha. Asiyeliona neno hilo ataianza upya, na kikohozi kitatibiwa kwa dawa za kifua miezi mitatu. Kwa hiyo anayesoma awe mtu wa afya anayejua vifupisho: BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu.

Yasiyochukuliwa yafungiwe kwenye kabati la chuma, mbali na unyevu na mchwa. Karatasi za zahanati iliyofungwa zisije zikaishia kufungia karanga sokoni.

JiraniNgamiani

Ahsanteni sana. Je, mzee asiye na pakiti wala faili? Wapo wawili wa hivyo, dawa waliimaliza siku ya msiba.

MuuguziMstaafu

Hao waende kwa daktari mwingine kesho, wasisubiri mafaili. Waseme wazi kwamba walikuwa kwenye dawa na zimekatika, ili presha itakayoonekana isidhaniwe kuwa ugonjwa mpya. Wakiendelea kufuatiliwa, pimeni nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, kila mara vipimo viwili vyenye dakika moja katikati. Za siku ya kwanza ziacheni, hesabuni wastani wa zilizobaki.

Mzee akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, na asiongee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Mkanda uliofungwa juu ya shati nao haufai. Ikifika 180/120 na ana maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kutoona vizuri au upande mmoja kulegea, asipimwe mara ya tatu. Apelekwe hospitali ya Bombo wakati huohuo.

MzeeWaBaraza

Poleni wanangu. Nazungumzia kumbukumbu.

Taazia ya daktari ina hatari yake: mtu kwa mapenzi anaandika "alimponya fulani kifua kikuu", na huyo fulani yu hai na hakutaka ijulikane. Andikeni alivyofanya kazi: zahanati ilifunguliwa mwaka gani, saa ngapi alikuwa anafungua mlango, nani alikuwa msaidizi wake, usiku aligongewa vipi. Mwaka wa kufungua una uzito. Sheria ya 1977 ilizuia utabibu binafsi wa biashara Tanzania, na marekebisho ya 1991 yakaufungulia tena njia. Kama alifungua miaka ile ya tisini mwanzoni, basi ni katika waliorudisha zahanati za mtaani, na hilo vijana hawalijui. Tarehe na majina yapitiwe na familia kabla hayajatoka.

Wekeni kaunta buku ya rambirambi barazani, kalamu ifungwe kwa uzi, na awepo kijana wa kuwaandikia wasiojua kuandika. Khitma ni juzuu 30. Gaweni mapema kila mmoja juzuu yake, isije ikabaki kumi saa ya dua. Wagonjwa wake Wakristo wapewe nafasi yao barazani, maana nao walikuwa watu wake.

Halafu lile daftari la deni. Deni analodai marehemu ni sehemu ya mirathi. Mwenye kudaiwa aende mwenyewe kwa msimamizi, alipe au aombe kusamehewa. Watu baki wasitangaze kwamba yamefutwa, hiyo ni haki ya warithi. Katika yote ya kumkumbuka, hili nalipenda zaidi.

Cha kudumu, kama sadaka jariya: nunueni mashine ya presha ya mkononi yenye mikanda miwili, wa sentimita 22 hadi 32 na wa 32 hadi 42, na betri za akiba. Iwekwe mahali palipo na mtu mmoja aliyefundishwa kuitumia, siku moja kwa wiki. Kila mwaka ilinganishwe na ya kituo cha afya, maana huanza kudanganya polepole. Mkitaka siku kubwa, 17 Mei ni ya presha duniani na 14 Novemba ya kisukari. Jina la barabara nalo linawezekana. Pendekezo lianzie mkutano wa mtaa, na muhtasari uwe na sahihi kabla haujapelekwa kata.

MfamasiaKona

Nimekumbuka jambo, ndugu Jirani. Friji ya zahanati ina insulini? Ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hukaa nje siku 28, mradi joto lisipite 30, na kwa joto la Tanga hiyo maana yake ni chungu ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kivulini. Iliyoganda itupwe hata ikiyeyuka. Kama umeme wa LUKU uliisha siku za msiba friji ikazima, msimgawie mtu chupa hata moja kutoka mle. Mwambieni mtu wa familia aangalie mita leo, kabla ya Magharibi.

JiraniNgamiani

Mwanawe mkubwa amekwenda sasa hivi na funguo. Nyumba kwa nyumba tunaanza barabara ya 9, kesho asubuhi.