Kutoa kizazi kunamaliza na maumivu ya mguu? Naombeni ushauri

KamandaBoxa: Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 32 na nina endometriosisi (nyama kama ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi), imegundulika mwaka jana baada ya kuzungushwa sana. Maumivu hayapo tumboni tu. Yanaanzia tako la kulia, yanashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni. Daktari kasema nitolewe kizazi. Mliotolewa, mlirudi kazini baada ya muda gani? Nina saluni, nasimama kutwa. Matusi hapana.

Mama Kokoto: Pole mdogo wangu. Mimi nilitolewa kwa ajili ya uvimbe, wiki sita sikubeba hata ndoo. Wifi ndiye aliyepika. Chumvi yake Mungu anajua.

Jongoo Kavu: Huo mgongo. Shemeji yangu alikandwa na mzee mmoja kwa maji ya moto, leo analima.

Zamu ya Usiku: Mimi nesi. Maumivu yanafuata hedhi? Picha ya MRI ulipiga ya mgongo au ya nyonga? Mguu una nguvu?

KamandaBoxa: Yanaanza siku mbili kabla. Zamani yalikuwa yanaondoka na hedhi, sasa hayaondoki. Mgongo ulikutwa safi, ya nyonga ndiyo ikaonyesha kitu kimekaa kwenye mshipa mkubwa wa fahamu. Nguvu ipo.

Zamu ya Usiku: Simama, tembea kwa visigino. Nakusubiri.

KamandaBoxa: Kulia siwezi. Ndala inachomoka njiani, nashtuka nimeshakanyaga sakafu. Tangu mwezi wa tatu. Ila daktari nimemwamini, na nimeshatanguliza laki nane, hela ya kikoba. Ni Jumanne. Sijauliza kama nifanye, nimeuliza nitarudi lini kazini!

Zamu ya Usiku: Dada, kizazi kikitoka, kilicho kwenye mshipa kinabaki palepale. Hicho kinabanduliwa juu ya mshipa wenyewe, mara nyingi kwa upasuaji wa matundu, na mtu aliyezoea mishipa ya nyonga, maana jirani inapita ya kibofu. Ikiguswa vibaya unarudi nyumbani na mpira wa mkojo. Tena mshipa ulioharibika huota upya kama milimita moja tu kwa siku. Pima mwenyewe kutoka takoni hadi mguuni. Mguu ukianza kulegea hausubirishwi. Na si jambo geni, madaktari waliliandika tangu 1955. Hiyo picha ionwe na daktari wa pili kabla ya Jumanne.

Ustaadh Mpole: Watoto mnao? Mume anasemaje? Kizazi ni amana, binti yangu.

KamandaBoxa: Hatuna. Mume hajui. Atasema tusubiri, na mimi na haya maumivu nimesubiri miaka tisa.

Mpekuzi: Wakuu, hii chai, tena ya tangawizi. Huyu huyu KamandaBoxa mwezi wa sita alikuwa humu analalamika klachi ya pikipiki inateleza, na mke wake "ananuna bila sababu kila mwisho wa mwezi". Leo kaota kizazi?

Jongoo Kavu: 😂😂 Nirudishiwe huruma yangu.

Mama Kokoto: Na mimi nilivyoeleza mpaka mambo ya wifi!

KamandaBoxa: Akaunti ni ya mume wangu. Simu ni yake. Amelala hapa pembeni.

Mama Kokoto: Sasa mama, akiamka si ataona yote haya?

KamandaBoxa: Ataona.

Mpekuzi: Samahani shem. Kamanda, ukiamka ukasoma hapa: ile klachi ni pleti tu, fundi asikuibie. Na shemeji hakuwa ananuna.