Mrejesho: Samsung Galaxy XCover6 Pro kwa kazi ya duka

Habari zenu wakubwa. Niliomba ushauri wa simu ya biashara itakayovumilia duka letu la vipuri Kirinyaga Road, na wengi mkanielekeza kwa XCover6 Pro. Niliipata, nimeitumia, na asanteni sana.

Kilichonifurahisha zaidi ni betri, maana inatoka. Nimenunua ya pili, inakaa kwenye droo ya kaunta ikiwa imejaa. Stima ikipotea jioni nafungua kifuniko kwa ukucha, nabadilisha, na oda zinaendelea. Kila moja ni mAh 4,050, kiasi cha kawaida tu, ila ukiwa nazo mbili huna haja ya kuuliza chaja iko wapi.

Halafu kuna kile kitufe cha pembeni unachokipangia kazi mwenyewe. Changu nikikibonyeza kinafungua kamera, nikikishikilia kinawasha tochi. Mteja analeta beringi kuukuu, namba za ukingoni zimejaa grisi; nazipangusa, napiga picha, naikuza mpaka zisomeke, kisha namtumia msambazaji Industrial Area kwa WhatsApp. Makosa ya oda yamepungua kweli, na kwangu hilo linazidi sifa nyingine zote za simu hii.

Laini mbili zinaingia. Ya duka na ya nyumbani nimezipa milio tofauti.

Aliyeuliza uzito: ni gramu 235. Mfuko wa shati utalemewa, wa ovaroli unaibeba vizuri.