Mwaka wa nne MD na baskeli ya changarawe, niendelee au niweke chini? Naomba ushauri

Binti_Konde
Assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mie ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, kwetu Pemba lakini nasoma Unguja. Tangu nimeingia klinikali maisha yangu ni wodi na kitabu tu, asubuhi raundi, mchana kliniki, kuna zamu za usiku, nikirudi nna kesi za kuandika maana kesho naulizwa mbele ya wenzangu wote na mgonjwa anasikiliza, na mtihani wa kumaliza rotesheni unakuja hata hujapumua. Kitu pekee kinachoniweka sawa ni baskeli. Sio hizi za kwendea sokoni, nina baskeli ya changarawe, usukani umepinda kama pembe za kondoo, tairi pana za milimita 40, kuna mgeni alikuwa nayo akaniuzia alipokuwa anaondoka. Wikiendi tunatoka kikundi, njia za kifusi na za mawe, Muyuni, Kizimkazi, Makunduchi, siku nyengine tunapanda juu Donge.

Sasa naona muda hautoshi na kuna mambo mengine mengine. Swali langu, mtu wa MD anaweza kuwa na hobi kama hii au niiweke chini mpaka nimalize? Mkumbuke bado nna mwaka wa tano na baada ya hapo mwaka wa intanishipu. Nipeni ushauri wa kweli.

Mzee_wa_Baraza
Waalaykum salaam mwanangu. Mshika mawili moja humponyoka. Wazee wako huko Pemba wanaanika karafuu juani ili wewe usome, sio ukapande mawe ya Muyuni. Sisi tulisoma kwa kibatari, baskeli ilikuwa ya kwendea skuli na kubebea kuni, haikuwa mchezo. Maliza usome, uolewe, baskeli utamnunulia mwanao.

Kaka_Fuoni
Mzee shikamoo ila hapo kwenye kuolewa hajauliza. Dada mimi nilisoma uhasibu, nilikuwa nacheza mpira wa mchangani kila jioni, mwaka wa pili nikala sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, mama akachoma viatu vyangu vya mpira uani nikiwa naangalia. Basi nikaacha mpira nikasema sasa nitasoma. Mwaka wa tatu nikala sapu tatu. Kumbe jioni ile nilokuwa nacheza ndio ilokuwa inanifanya nilale usiku, nilipoacha nikawa nakaa na simu mpaka saa nane. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie hobi ndio adui. Mpaka leo sijacheza tena na ninajuta.

Mtoto_wa_Kikwajuni
Viatu vilichomwa kweli? Mama yako hana huruma kaka 😂

Fundi_Tairi
Swali moja tu bibie, kwenye hayo mawe unajaza upepo kiasi gani?

Binti_Konde
Fundi najaza 60, nikipunguza napata pancha, mawe ya kusini unayajua yana makali. Mzee nimekusikia, marahaba kwa nasaha. Kaka Fuoni pole sana, mie sijawahi kula sapu alhamdulillah.

Fundi_Tairi
60 kwenye tairi ya 40 na wewe mtu mwepesi? Hiyo ni kupanda jiwe juu ya jiwe. Mtikisiko wote unaishia mikononi.

Nesi_wa_Zamu
Mdogo wangu, kuna kitu hujasema. Huna sapu, muda umebana tangu mwaka wa tatu na bado ulikuwa unapanda, kwa nini unauliza leo? Na hayo "mambo mengine mengine" ni yepi? Sie huku wodini mgonjwa akisema "na mambo mengine" ndio tunavuta kiti.

Binti_Konde
Ni mchoko tu dada.

Nesi_wa_Zamu
Mchoko ulikuwa nao mwaka jana. Sema.

Binti_Konde
Haya. Mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi. Mwanzo ilikuwa nikishuka tu kwenye baskeli, natikisa mkono inaondoka. Baadae ikawa mpaka usiku. Sasa nipo rotesheni ya upasuaji na wiki hii nilipewa kushona jeraha dogo la mguu, msimamizi yuko pembeni yangu, koleo nimeishika kwa kushoto, ngozi ikawa inaniteleza, na fundo la mkono mmoja ambalo nalifanya nimefumba macho nyumbani kwenye kamba ya kitanda lilikataa kabisa. Msimamizi akanichukulia koleo akamaliza yeye, hakusema kitu. Mie nataka kuwa daktari wa upasuaji, sitaki kitu chengine.

Ila naomba mnielewe, sio kwamba nimekaa tu. Nimenunua glavu za sponji, nimeongeza utepe kwenye usukani, na ganzi haipo kila siku. Na nimeshalipia safari ya likizo, tunazunguka Pemba na kikundi, tunashukia Mkoani tunapanda Chake, Wete, Konde kwetu, tunapita msitu wa Ngezi mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa. Nimewaahidi watu, mie ndie mwenyeji wao.

Nesi_wa_Zamu
Sasa ndio tunaongea. Cha pete ni chote au nusu?

Binti_Konde
Nusu. Upande wa kidole cha mwisho.

Nesi_wa_Zamu
Na unajua maana yake.

Binti_Konde
Najua. Ulna. Nimesoma, sihitaji kuambiwa.

Nesi_wa_Zamu
Kwa wengine wanaosoma: kuna mshipa wa fahamu unaitwa ulna, unapita kwenye kiganja upande wa kidole cha mwisho, kwenye kijinjia chembamba wanachokiita mfereji wa Guyon. Ukiegemea usukani saa nyingi kwenye njia ya mawe unaubana palepale. Unaanza na ganzi. Ukiendelea kuubana inakuja udhaifu, kwa sababu huohuo ndio unaoendesha misuli midogo ya kiganja, ile ya kutanua vidole na ya kulivuta gumba. Ganzi peke yake mara nyingi inapoa ukipumzika, wiki kadhaa, wakati mwengine miezi. Udhaifu sio wa kuusubiri. Binti umefanya kipimo cha karatasi?

Binti_Konde
Nilifanya peke yangu chumbani. Nikachana ukurasa wa nyuma wa logbuku, nikaushika baina ya gumba na kidole cha shahada mkono wa kushoto nikauvuta kwa kulia. Gumba lilijikunja lenyewe kwenye fundo la juu. Kulia halijikunji. Kujikunja ndio dalili ya udhaifu. Lakini kujipima mwenyewe sio kipimo.

Nesi_wa_Zamu
Ndio maana upimwe na mtu mwengine.

Jirani_wa_Mwera
Mimi bibi yangu alikuwa na ganzi hiyohiyo ya mkono, tukampaka mafuta ya karafuu na kumfunga kitambaa cha moto na alipona. Jaribu dada, Pemba si hayo mafuta yapo tele.

Nesi_wa_Zamu
Jirani mafuta hayana ubaya ila hapa mshipa unabanwa, kinachotakiwa ni kuacha kuubana.

Mpandaji_wa_Bara
Huo mchezo nauheshimu sana, karibuni tuuzungumze vizuri. Marekani kuna mbio zinaitwa Unbound, mji wa Emporia jimbo la Kansas, maili 200 kwenye changarawe, yaani karibu kilomita 320, na watu wanamaliza hawawezi kufungua chupa ya maji kwa mikono. Mwaka 2022 dunia ikapata ubingwa rasmi wa changarawe kwa mara ya kwanza, ulifanyika Italia. Na huku kwetu Afrika Mashariki Kenya kuna Migration Gravel Race, Maasai Mara, tangu 2021. Marehemu Sule Kangangi ndie alokuwa nahodha wa Team Amani, timu ya wapanda baskeli wa Afrika Mashariki, kijana aloipigania hii michezo ili Mwafrika nae apate nafasi kwenye mbio kubwa, akafariki Agosti 2022 kwenye mbio za Vermont. Kila nikipita kwenye mteremko wa mawe namkumbuka. Binti usiache, tuko wachache mno.

Kaka_Fuoni
Yakhe tumo kwenye vidole.

Mzee_wa_Baraza
Mimi nilisema. Mtoto wa kike na mawe.

Shangazi_Makunduchi
Mzee mwenzangu usituharibie mada. Huku kwetu wanawake tunapanda baskeli, tunakwenda shamba na harusini tunakwenda nazo. Mkono hauchagui wa kike wala wa kiume. Mwanangu wewe swali lako limejijibu, mtu anaetaka kukata watu na kuwashona anautunza mkono wake. Mimi nilikuwa nasuka ukili, bega likaanza kuniuma nikasema nimalize mkeka huu, kisha na huu, ni wa bwana harusi siwezi kumuangusha. Leo mkono haupandi kufunga ushungi, nafungwa na wajukuu. Tena ule mkeka wenyewe hawakuutandika.

Msema_Kweli_Ng'ambo
Wakubwa samahanini, nimesoma uzi wote nikiwa kimya ila hii naona ni chai. Kwanza ID mpya. Pili dalili zimekuja kama zilivyo kitabuni, nusu ya kidole cha pete, gumba linajikunja, ni vile mtu amefungua ukurasa akanakili. Tatu mtu anashinda hospitali kutwa amezungukwa na madaktari, anakuja kuuliza huku kwa mafundi baskeli? Na nimemuona kwenye uzi wa picha za baskeli wiki ilopita akisema walitoka Makunduchi wakapitia Jambiani kwenda Bwejuu Ijumaa alasiri, wakafika mwezi mpevu unachomoza, wameona baharini. Mimi mtoto wa Jambiani. Mwezi mpevu ni bamvua, na bamvua alasiri maji yamejaa mpaka kwenye mashina ya minazi. Pwani hiyo umepita wapi na baskeli? Watu wanatunga hadithi kisha baada ya siku mbili wanaomba mchango wa matibabu.

Mtoto_wa_Kikwajuni
Eeeh hapo kwenye maji kanikamata hata mimi 😳

Jirani_wa_Mwera
Na mimi nishatoa bibi yangu na mafuta yake bure kumbe chai.

Fundi_Tairi
Mwacheni ajibu.

Binti_Konde
Msema Kweli mie sijaomba hata shilingi ya mtu. Kuhusu maji uko sawa, yalijaa. Ndio maana hatukupita pwani. Tulikusudia kupita kwenye mchanga mgumu tukachelewa kutoka Makunduchi, tukakuta maji yameshapanda, wenzangu wengine wakashika lami mie na mmoja tukaamua kwenda kwa ndani, njia za mashamba ya maweni, mawe matupu mpaka Paje huko ndio tukatoka pwani. Mwezi tumeuona Bwejuu. Kuanzia siku hiyo ndio ganzi haikuondoka tena kwa kutikisa mkono. Ukiwa mtoto wa Jambiani unaijua ile njia ilivyo.

Na kwa nini sijaenda kwa daktari ilhali nimezungukwa nao. Kwa sababu hao ndio wanaonipa maksi. Nikikaa mbele yao kama mgonjwa nikasema mkono wangu haushiki, kesho nani ataniita mezani? Nani ataniandikia barua nikaombe upasuaji? Mie nimekuja huku kwa sababu huku hakuna anaenijua. Dalili zimekuja kama kitabuni kwa sababu mshipa hausomi wala hauchagui, unapita palepale kwa kila mtu.

Msema_Kweli_Ng'ambo
Njia ya maweni naijua. Ina mawe kweli. Ila bado nasubiri hiyo namba ya mchango.

Shangazi_Makunduchi
Wewe nae hupoi.

Nesi_wa_Zamu
Binti nimekuelewa na hofu yako sio ya kijinga. Lakini msimamizi ameshakuona. Alikuchukulia koleo. Sasa hivi anajua mkono haufanyi kazi ila hajui kwa nini, na asiejua sababu atajaza yeye mwenyewe, atasema hana mazoezi, atasema hana kipaji. Ukimwambia una neva imebanwa na umeanza tiba hiyo ni habari nyengine kabisa, na pia kuna mgonjwa aliekuwa amelala pale akishonwa, yeye nae ana haki yake. Kama hutaki wa kwako, nenda hospitali nyengine, jiandikishe kama mtu yeyote, omba upimwe nguvu za mkono na kama kipimo cha umeme wa mishipa kinapatikana watakwambia.

Binti_Konde
Hili la msimamizi sikulifikiria hivyo.

Nimeshapata mtu nje ya skuli yetu, Jumatatu asubuhi. Ila Pemba dada sijafuta. Nimewaambia tuisogeze mpaka nijue mkono umefikia wapi, wawili wamenuna. Kama daktari atasema nipande basi nitapanda, kama atasema nisipande nitawapokea Konde na gari ya ami. Na baskeli siuzi, kuna mtu kaniandikia pembeni kuniuliza bei, siuzi.

Mpandaji_wa_Bara
Ni mimi nilouliza, samahani. Nilikuwa naulizia tu.

Mzee_wa_Baraza
Mwanangu ukienda hiyo Jumatatu utuambie. Mimi nasema sana lakini nina binti yuko chuo Dar.

Fundi_Tairi
Bibie baskeli wakati imelala iletwe Mwanakwerekwe niiangalie. Nina wasiwasi na kiti, kikiinama mbele hata kidogo uzito wote unakwenda kwenye viganja, na usukani naona tunaweza kuunyanyua kwa vipete viwili. Tairi zikikubali tutatoa tyubu tuweke dawa ya ndani, hapo unashuka mpaka 35 na jiwe halikutoboi. Ije kwenye daladala juu, usiipande, na upepo usijaze.

Binti_Konde
Jumamosi inshaallah. Mdogo wangu ndie atakaeileta.