Dola 200, tena kwa sababu ya mkanda

Mkwe wa Ohio:
Waungwana, nimetoka kwenye maonyesho ya bunduki sasa hivi, hata viatu sijavua, na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana wa meza ya kona mnamjua nyote, na sina haja ya kumtaja, kwa maana kofia yake huingia ukumbini robo saa kabla yake. Nilimpelekea bunduki ya Winchester 94 ya wenzo (ule mkono wa chini unaoshushwa na kurudishwa ili kuingiza risasi), ya risasi za .30-30, niliyoachiwa na marehemu baba mkwe, nikamwomba kwa adabu anikadirie umri na thamani yake. Aliitazama kwa muda ambao mtu hutumia kupiga chafya. Hakuinama kusoma namba, hakushusha wenzo, wala hakuchungulia ndani ya mtutu. Kisha akatamka, “Dola 200, na hizo ni kwa sababu ya mkanda.”

Mkanda! Mkanda huo wa kubebea bunduki niliununua mimi mwenyewe mwaka jana, kwa dola 18.

Akaongeza kwamba bunduki hizi zote ni za kuanzia 1964, yaani zile za wakati kiwanda kilipoanza kubana matumizi, na vipande vilivyokuwa vikichongwa kutoka chuma kizima vikaanza kukatwa kwenye bati. Namba ya bunduki yangu ni 1,300,000 na ushee. Ile ya 1,000,000 alizawadiwa Rais Coolidge wa Marekani mwaka 1927, na ile ya 1,500,000 akapewa Truman mwaka 1948. Mtoto wa darasa la tatu angetambua kwamba yangu imesimama baina ya marais hao wawili, na kwamba 1964 ilikuwa bado mbali sana. Rangi ya chuma ya kiwandani, ule weusi wa samawati, ingali ipo, imefifia tu pale kiganja kinapoishika bunduki mtu akitembea nayo porini, na hakuna skrubu hata moja iliyochubuliwa na bisibisi. Yote hayo hakuyaona. Aliona mkanda. Nilipomwonyesha namba kwa kidole, aliunyanyua mkanda kwa vidole viwili kama bibi anayechagua khanga sokoni, akaupapasa, akaurudisha, na bunduki hakuitupia jicho.

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Bunduki ilikuwa ya baba yake.

Bin Mvita:
Pole sana kwa mkanda. Naomba kuuliza kwa heshima: katika picha uliyoiweka, yale matundu manne ya ubavuni yalitobolewa na nani? Winchester 94 ya zama hizo hutupa ganda kwa juu, kwa hiyo mwenye tamaa ya darubini ya kulengea hulazimika kuifunga ubavuni, na tundu lisilo la kiwandani hula thamani ya bunduki kuliko kutu.

Mkwe wa Ohio:
Yalitobolewa na marehemu. Marehemu hasemwi.

Bin Mvita:
Basi huenda bwana wa kofia aliyahesabu matundu, akakuonea huruma, akautaja mkanda ili akusitiri mbele ya mkeo.

Shangazi Karafuu:
Afadhali wewe uliyetukanwa na mgeni. Mimi nilikuwa na bunduki ya Marlin 336 ya 1948, mwaka ule ule ilipotoka kwa mara ya kwanza, na kitako chake cha mti wa jozi kilikuwa na ule weusi unaoletwa na jasho la mikono ya miaka mingi. Nilisafiri wiki mbili. Niliporudi, shemeji yangu alikuwa amekipiga msasa na kukipaka vanishi ya milango, kikang’aa kama jeneza jipya, naye amesimama ukumbini akisubiri ahsante.

Mwana wa Kilindini:
Hayo ni madogo. Kuna muuzaji mmoja, naye mnamjua, ambaye kila akipata Winchester 1895 ya risasi za .405 hudai kwamba ilishuka Mombasa pamoja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, mwaka 1909. Ni kweli Roosevelt alikuja na bunduki za namna hiyo, lakini kwa idadi ambayo bwana huyu amekwisha kuuza, meli ingezama kabla ya kuiona Mombasa. Nilipomdai barua ya kuthibitisha kutoka makumbusho ya Cody, Wyoming, ambako daftari za kiwanda zimehifadhiwa, alinijibu kwamba barua huvunja uaminifu baina ya wanunuzi na wauzaji.

Mzee wa Savage:
Mnagombania bunduki za mabomba ya risasi yaliyofungwa chini ya mtutu, ambayo humlazimu mtu kutumia risasi butu kwa kuogopa ncha ya moja isigonge kitako cha iliyo mbele yake ikalipuka. Savage 99 yangu huzungusha risasi katika gurudumu lililo ndani ya mwili wake, na hula zenye ncha kali bila wasiwasi. Juzi mnunuzi mmoja aliishika, akaipindua, akaniuliza iwapo 99 maana yake imetengenezwa mwaka 1999, kwa sababu yeye hukusanya za kale pekee.

Mkwe wa Ohio:
Naomba turejee kwenye mkanda.

Mwana wa Kilindini:
Mzee, ulimjibu nini?

Mzee wa Savage:
Nilimwambia zangu za 1894 zimekwisha, akamwone bwana wa kofia.

Bin Mvita:
Shangazi, hiyo vanishi ilikuwa ya maji au ya mafuta? Ya maji huenda ikatoka.

Shangazi Karafuu:
Ya mafuta. Mpaka leo inanata.