Utalii wa aina gani humfikia muuza samaki? Swali kutoka Jambiani

Mwana wa Jambiani anauliza:

Asalaam aleikum wanajukwaa. Familia yetu ina kiwanja chenye minazi kumi na minne kinachopakana na ufukwe wa Jambiani, na amekuja mwekezaji anayetaka kujenga hoteli ya wageni wanaolipia malazi, chakula na vinywaji vyote kwao kabla hata ya kupanda ndege. Baadhi ya wazee wamekwisha kukubali moyoni. Hoja yao ni kwamba karafuu haitulishi tena kama zamani na kwamba idadi ya wageni inajieleza yenyewe: mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii wapatao 538,000, mwaka 2020 wakaporomoka hadi karibu 260,000 kwa sababu ya korona, na mwaka 2023 wakapindukia 638,000. Hesabu hiyo siibishi. Kinachonitatiza ni kwamba wageni wanaongezeka kila msimu, ilhali jirani yangu muuza samaki bado anamalizia tenga lake kwa wanakijiji wenzake, tena mara nyingine kwa mkopo. Je, ipo aina ya utalii inayomfikia mtu kama huyo, au zote ni zile zile?

Mtunza Ghala Mstaafu anajibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Nilitunza ghala la hoteli moja kubwa ya kaskazini mwa Unguja kwa miaka mingi, basi nitakujibu nikiwa nimesimama kwenye mlango wa ghala, kwa kuwa hapo ndipo nilipoiona fedha ikipita.

Tangu sheria ya kulinda uwekezaji ya mwaka 1986 ilipofungua mlango, hoteli zilizotujia ni za namna nyingi, na namna hizo hazifanani hata kidogo. Mgeni wa kifurushi amelipa Milano au Warsaw; humo mna sehemu ya kampuni ya safari, sehemu ya ndege na faida ya mwenye hoteli, na kinachovuka bahari hadi huku ni kile tu kinachohitajika kuiendesha hoteli, yaani mishahara, kodi, umeme na chakula. Akitoka nje ya lango kununua chakula cha mchana, anajiona analipa mara mbili. Mgeni anayejipangia safari yake hana kitu kama hicho kinachomzuia: hulala nyumba ya wageni, hukodi baiskeli na hula pale njaa inapomkuta. Kwa kichwa kimoja, huyu wa pili huacha zaidi kijijini ijapokuwa anaonekana fukara.

Hata hivyo, usidhani hoteli kubwa haiwezi kununua kwa jirani yako. Palikuwa na mama mmoja aliyeniletea pweza wazuri sana, wangali wabichi, na nikamrudisha nao. Mhasibu alitaka risiti na hulipa baada ya siku thelathini. Mama yule alitaka fedha jioni ile ile apate kununua unga. Siku mbili baadaye nikapokea pweza kutoka kwa dalali wa soko la Darajani, mjini, mwenye risiti zake, na alipotaja alikowanunua, ulikuwa ufukwe ule ule. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwekezaji wako si ataajiri watu wangapi. Mwulize atanunua kwa nani, na atalipa baada ya siku ngapi.

Mkulima wa Mwani anajibu:

Kaka, mzee amesema kweli, lakini mimi ningeanzia mbali kidogo na ghala, nianzie majini. Hapa Paje kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, na wengi wetu tunaokifanya ni wanawake. Tunaingia shamba wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, tunafunga na kuvuna kabla hayajarudi. Maji hayo hayo ndiyo wanayoyapenda wageni wa mchezo wa tiara, wanaoteleza majini juu ya ubao wakivutwa na tiara, wanaokuja kufuata upepo wa kaskazi na wa kusi. Yakijaa wanapita juu ya kamba zetu. Wao wanalalamikia vigingi, sisi tunalalamikia kamba zilizokatika. Hao si wageni wa kifurushi, ni wale wa kujitegemea anaowasifu mzee, na wengi wao ni watu wema. Aina ya utalii peke yake haitoshi kukupa jibu.

Nisiwe mwongo pia: kotonii, mwani wenye bei nzuri, haikuuliwa na watalii. Imeshindwa na joto la maji. Na sabuni ya mwani tunayoichemsha wenyewe hununuliwa na watalii hao hao, kwa bei ambayo hatujapata kuipata kwa mwani mkavu. Shida yangu na hoteli ni ukuta. Palipokuwa na njia ya kushukia pwani, sasa nazunguka viwanja vitatu nikiwa na gunia la mwani mbichi kichwani, linalonichuruzikia mgongoni.

Muongoza Watalii wa Kusini anajibu:

Naongeza kwa ufupi. Jozani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, sehemu ya kiingilio hurudi katika vijiji vinavyoizunguka, na ndiyo maana mkulima anayeliwa mazao na kima punju ana sababu ya kumvumilia. Kisiwa cha Chumbe kinachohifadhiwa tangu mwaka 1994 kina mabanda saba tu ya kulala wageni, na wanafunzi wa skuli zetu hupelekwa huko kujifunza. Sasa tazama Kizimkazi, ambako asubuhi moja utakuta maboti mengi yakiwakimbiza pomboo walewale wachache, kila nahodha akihofia mgeni wake asije akarudi bila kuwaona. Fedha ya Kizimkazi inafika kijijini moja kwa moja, sikatai, lakini hakuna aliyekubaliana na mwenzake kuhusu idadi ya maboti.

Mwana wa Jambiani:

Nawashukuru nyote, hasa mzee kwa habari ya pweza, ambayo nimemsomea jirani yangu na akacheka kwa uchungu. Nimeona kwamba tulikuwa tukijadili bei ya minazi peke yake, kwa sababu kwetu ardhi ni mali ya Serikali na kilichozoeleka ni kuhesabu miti iliyo juu yake. Kikao cha familia pamoja na sheha, yaani kiongozi wa serikali hapa mtaani, ni Jumamosi. Nitataka mambo mawili yaandikwe kwenye makubaliano kabla ya mtu yeyote kutia saini: samaki anunuliwe pwani kwa fedha taslimu, na njia ya kushukia baharini ibaki wazi. Dada Mkulima wa Mwani, naomba unieleze njia hiyo iwe na upana gani ili watu wawili wenye magunia wapishane.

Mkulima wa Mwani:

Pima mikono yangu miwili nikiinyoosha, kisha uongeze nusu yake. Na uandike kwamba haitawekwa geti.