Mama (74) anapepesuka akiamka usiku, yupo Tandahimba

Mwana_Makonde: Wakuu, habari za majukumu. Mama ana presha, anameza amlodipini miligramu 10 na haidroklorothiazaidi miligramu 25, zote usiku. Anaamka mara 3 au 4 kwenda chooni, na choo kiko nje. Wiki hii kapepesuka mara mbili. Zahanati walimpima kakaa, 138/80, wakasema yuko sawa. Magoti nayo yanamsumbua, ananunua diklofenaki duka la dawa. Nianzie wapi?

Mkanda_wa_Presha: Kipimo cha kukaa hakiwezi kuonyesha hilo. Alale chali dakika 5, mpime. Asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, presha inaporomoka akisimama. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya blauzi, na mkono uushikilie usawa wa moyo; ukining'inia, mashine inasoma juu na utadanganyika. Weka kiti nyuma yake. Andika namba zote umpelekee daktari.

Dawa_Mezani: Hiyo haidroklorothiazaidi ni ya kukojoza! Kwa kawaida humezwa asubuhi. Muulize daktari aihamishe, ila msiiache wenyewe. Diklofenaki ndiyo inanitia wasiwasi zaidi: inapandisha presha, na ikikutana na dawa ya kukojoza inaumiza figo. Asimamishe, aulizie paracetamol. Aombe pia kipimo cha figo, sodiamu na sukari, maana sodiamu ikishuka mzee huyumba na kuchanganyikiwa, watu wakasema ni uzee.

Mwana_Makonde: Asante sana. Maji ya jioni anayakwepa kabisa ili asiamke.

Fundi_Kitangari: Anywe mengi kabla ya magharibi, japo najua huko juu, uwanda wa Makonde, maji ni ya kuhesabu. Usiku asitoke nje. Seremala amtengenezee kiti chenye tundu, kimo sentimita 45, ndoo chini. Usitoboe kiti cha plastiki, miguu inatanuka na kupasuka. Kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda dakika 2, achezeshe vifundo vya miguu. Kandambili zilizolika tupa. Chooni, kama ukuta ni wa udongo, usipigilie mshikio humo, utang'oka naye. Chimbia nguzo sentimita 60.

Bi_Mkorosho: Na korosho je, kama bado anaokota shambani? Kuinama kuokota kisha kunyooka ghafla juani ni kizunguzungu kilekile. Akae kwenye kigoda, azivute kwa reki.

Mkanda_wa_Presha: Akianguka, mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika. Hakuna kukanda wala kuvuta. Weka mto katikati ya miguu, ifungeni pamoja kwa kanga, abebwe juu ya ubao hadi kwenye eksirei. Bodaboda hapana.